Kusawazisha Kabureta Katika Hewa Nyepesi ya Dagoretti

Pikipiki nyingi zinazopita Dagoretti Corner, ziwe zinatoka Kawangware kwa barabara ya Naivasha au zinapanda Ngong Road kuelekea Karen, zina silinda moja na kabureta moja, na kwa sababu hiyo fundi anayezihudumia halazimiki kamwe kujiuliza swali ambalo sura hii inalishughulikia. Boxer au TVS ya bodaboda ikianza kukohoa, kasoro hutafutwa mahali pamoja, kwa kuwa kuna njia moja tu ya hewa na njia moja tu ya petroli. Nairobi, hata hivyo, ina pikipiki za kundi jingine, chache kwa idadi lakini zinazotunzwa kwa mapenzi makubwa, ambazo ziliundwa Japani, Uingereza au Ujerumani kati ya miaka ya 1960 na 1980 na ambazo injini zake zina silinda mbili, tatu au nne, kila moja na kabureta yake. Njia rahisi ya kuziona pamoja ni kwenda kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kilomita chache kutoka Dagoretti Corner, ambako magari na pikipiki hukaguliwa na waamuzi. Rangi na kromu ni mambo ambayo mwenye pikipiki anaweza kuyashughulikia kwa kitambaa na subira. Kuzifanya kabureta nne zivute hewa kwa usawa ni kazi ya namna nyingine, na inadai kwanza kueleweka.

Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa bila pampu wala umeme. Pistoni inaposhuka ndani ya silinda huku vali ya kuingiza ikiwa wazi, nafasi iliyo juu yake hupanuka na kuacha ombwe, yaani hali ambayo kanieneo ya ndani ni ndogo kuliko ya nje, na hewa ya nje hukimbilia ndani kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati, na hewa inapopita mahali palipobanwa huongeza mwendo na kupunguza kanieneo yake, jambo ambalo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilieleza mwaka 1797 alipokuwa akichunguza maji yanayopita kwenye mabomba. Petroli iliyomo katika bakuli chini ya koo husukumwa juu kupitia jeti, ambayo ni tundu dogo lililotobolewa kwa kipimo maalumu, kisha hutawanyika katika mkondo wa hewa. Kiasi cha hewa kinachoruhusiwa kupita hutawaliwa ama na slaidi, kipande cha chuma kinachoinuka na kushuka kama mlango wa kupandisha, ama na kipepeo, bamba jembamba linalozunguka kwenye ekseli yake. Na mwendeshaji anapokunja eksileta, ndicho kipande hicho anachokisogeza.

Honda CB750, iliyoingia sokoni mwaka 1969 ikiwa na silinda nne zilizopangwa kwa mstari mmoja, ndiyo iliyoifanya kazi ya kusawazisha kabureta kuwa jambo la kawaida katika karakana duniani kote. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na nyaya nne, kila waya ukivuta slaidi yake, na kila waya ulinyooka kwa kasi yake kadiri siku zilivyopita, hivi kwamba usawa uliopatikana karakanani haukudumu. Kiwanda kiliondoa mpangilio huo haraka, na katika matoleo yaliyofuata kabureta zote nne zikafungwa kwenye fremu moja, ambapo ufito mmoja wenye mikono minne huinua slaidi zote kwa pamoja, na kila mkono una skrubu na nati ya kuurekebisha peke yake. Skrubu hizo ndizo zinazoguswa wakati wa kusawazisha, na hazina kazi nyingine yoyote.

Umuhimu wa usawa huo unaonekana vizuri zaidi kwa hesabu kuliko kwa maelezo. Koo la kabureta ya CB750 lina kipenyo cha milimita 28. Injini inapozunguka taratibu pikipiki ikiwa imesimama, hali ambayo mafundi wa Nairobi huiita sailensi, slaidi huwa imeinuka kwa kiasi kidogo mno, tuseme milimita 1, na ikiwa slaidi ya kabureta jirani imeinuka milimita 1.2, silinda ya pili inapata mlango mpana zaidi kwa takriban sehemu moja ya tano. Eksileta ikifunguliwa mpaka slaidi zifikie milimita 20, tofauti ileile ya sehemu mbili za kumi za milimita inakuwa asilimia 1 tu, na haina athari inayoweza kuhisiwa. Inafuata kwamba kabureta zisizolingana huisumbua injini hasa pale eksileta inapofunguliwa kidogo, na mtu yeyote anayeijua Ngong Road jioni ya siku ya kazi anafahamu kwamba huko ndiko pikipiki ya Nairobi inakotumia sehemu kubwa ya maisha yake. Katika foleni hiyo, silinda inayopata hewa kidogo haibaki tu bila kuchangia, bali huburutwa na zile nyingine, kama mtu wa nne katika kusukuma mkokoteni ambaye amelala juu ya mzigo. Matokeo yake ni mtetemo unaofika hadi kwenye vishikio, mlio wa kugonga kutoka kwenye minyororo iliyomo ndani ya injini, sailensi inayopanda na kushuka yenyewe, na bomba moja la moshi ambalo hubaki na ubaridi wakati mengine matatu tayari yanachemsha tone la maji lililonyunyiziwa juu yake.

Kosa linaloharibu kazi hii kuliko jingine lolote ni kuianza mapema. Kusawazisha kabureta ni hatua ya mwisho katika mfululizo wa matengenezo, wala si ya kwanza, kwa kuwa ombwe linalopimwa kwenye koo la kabureta haliumbwi na kabureta peke yake: linaumbwa na pistoni, ringi, vali, tapeti, muda wa cheche na mipira inayounganisha kabureta na injini. Vali yenye tapeti iliyobana, isiyofunga sawasawa, hudhoofisha mvuto wa silinda yake, na fundi asiyeipima kwanza ataiona geji ya ombwe ikisoma chini, atageuza skrubu ya kabureta isiyo na hatia yoyote, na mwisho atakuwa amesawazisha ugonjwa badala ya kuuponya. Mpira wa kuunganishia uliopasuka, jambo la kawaida kwa mpira wenye umri wa miaka 40 uliokauka kwa jua, huingiza hewa ambayo haikupita kwenye kabureta, na ufa wake mara nyingi hauonekani mpaka mpira ukunjwe kwa vidole. Kwa hiyo mpangilio sahihi huanza na tapeti injini ikiwa baridi, hufuatia plagi na muda wa cheche, kisha mgandamizo wa kila silinda, kisha kusafisha jeti na kulinganisha kimo cha petroli katika bakuli zote, na mipira huchunguzwa kabla kabureta hazijarudishwa mahali pake. Petroli yenyewe nayo inastahili kushukiwa. Uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli na dizeli ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo maalumu kwenye mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo, na injini inayolishwa mchanganyiko wa namna hiyo itakohoa hata kama kabureta zake zimelingana kikamilifu.

Baada ya injini na petroli, Dagoretti yenyewe nayo inaingia katika hoja. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, na kituo chake cha upimaji kipo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa, yaani nguvu ya uzito wa hewa juu ya kila kipande cha eneo, ni takriban hektopaskali 820 katika mwinuko huo, ilhali Mombasa ni karibu 1,013. Kwa lugha ya zebaki, ambayo imetumika tangu Evangelista Torricelli alipotengeneza barometa yake katika miaka ya 1640, nguzo inayosimama milimita 760 pwani husimama takriban milimita 615 Dagoretti. (Takwimu zinazotangazwa katika taarifa za hali ya hewa kwa kawaida huwa zimesahihishwa ili zilingane na usawa wa bahari, kwa hiyo msomaji akiona hektopaskali 1,015 zikitajwa kwa Nairobi asidhani kwamba hicho ndicho kinachoigusa injini yake.) Hewa hiyo ni nyepesi, na ukizingatia ubaridi wa Nairobi ikilinganishwa na pwani, lita moja ya hewa ya Dagoretti ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko lita moja ya hewa ya Mombasa.

Kabureta haina njia ya kulijua jambo hilo. Hutoa petroli kwa kufuata mwendo wa hewa inayopita kooni, na ingawa hewa nyepesi huvuta petroli kwa nguvu ndogo kidogo, upungufu wa petroli ni mdogo kuliko upungufu wa hewa yenyewe, hivi kwamba mchanganyiko unaofika kwenye silinda za Dagoretti una petroli zaidi kwa karibu asilimia 10 kuliko ule uliokusudiwa na wahandisi waliozichagua jeti. Plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi hunuka petroli, na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Tiba ya hali hiyo ni jeti ndogo zaidi, na pale kabureta inaporuhusu, sindano ya slaidi kushushwa ngazi moja. Mafundi wengine huiona plagi nyeusi na kudhani kwamba kabureta hazijalingana, ilhali usawa wa kabureta na wingi wa petroli ni mambo mawili tofauti: plagi zote nne zikiwa nyeusi kwa kiwango kimoja, huo ni ushahidi kwamba usawa upo na kwamba kasoro iko kwenye jeti.

Mwinuko huo pia hubadilisha kile geji inachosoma, na hilo limewapotosha wengi wanaofuata kitabu cha kiwanda neno kwa neno. Vitabu vya pikipiki za Japani za miaka ya 1970 hutaja mara kwa mara ombwe la sentimita 16 hadi 24 za zebaki injini ikiwa katika sailensi, na huagiza kwamba tofauti kati ya silinda na silinda isizidi sentimita 2 au 3. Sehemu ya kwanza ya agizo hilo iliandikwa kwa ajili ya hewa ya tambarare. Injini huhitaji karibu uzito uleule wa hewa ili iendelee kuzunguka, iwe Hamamatsu kule Japani au Riruta, jirani na Dagoretti Corner, na kwa kuwa hewa ya Riruta ni nyepesi, slaidi hulazimika kuinuliwa zaidi ili uzito huo upatikane; mlango ukiwa wazi zaidi, na hewa ya nje ikiwa na kanieneo ndogo, pengo kati ya nje na ndani hupungua, na geji husoma chini ya kiwango cha kitabu hata injini ikiwa nzima kabisa. Fundi anayeikimbiza namba ya kitabu ataanza kufunga slaidi, sailensi itashuka, injini itazima, naye atahitimisha kwamba ringi zimekwisha. Sehemu ya pili ya agizo, ile inayohusu tofauti, hubaki na maana yake popote duniani, kwa sababu silinda zote nne zinavuta hewa ileile. Kusawazisha ni kulinganisha, na mlinganisho hauhitaji kujua thamani halisi ya kitu chochote.

Ukweli huo una faida ya moja kwa moja kwa karakana isiyo na fedha za vifaa. Kwa miaka mingi kifaa kilichoaminika zaidi kilikuwa ubao wenye mirija minne ya zebaki, ambayo ilisoma kwa utulivu na haikuhitaji kusahihishwa, lakini zebaki ni sumu inayodhuru mishipa ya fahamu, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini Japani mwaka 2013 baada ya majadiliano yaliyoendeshwa chini ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake makuu yapo Gigiri, Nairobi, uliviweka vipimo vya kanieneo vya zebaki katika orodha ya bidhaa za kuachwa kufikia 2020. Seti ya geji nne za saa inaweza kuchukua nafasi yake, mradi kila geji ijaribiwe kwanza kwenye silinda moja ileile, kwa kuwa geji za bei nafuu hutofautiana zenyewe kwa zenyewe, na geji mbili zinazodanganya kwa viwango tofauti haziwezi kulinganisha kitu.

Kifaa bora zaidi, kwa maoni ya mwandishi wa sura hii, kinauzwa kwa mita katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Kawangware hadi Dagoretti Market: ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uleule ambao fundi mwashi huutumia kupima usawa wa msingi kwa maji. Kipande cha mita 4 au 5 hukunjwa katikati na kufungwa kwenye ubao uliosimama, oili kidogo humiminwa ndani mpaka ijaze mkunjo wa chini na kupanda sentimita kadhaa kila upande, na ncha mbili huunganishwa na kabureta mbili. Kabureta yenye mvuto mkubwa huipandisha oili upande wake; zikilingana, oili husimama kimo kimoja pande zote. Kwa kuwa oili ni nyepesi kuliko zebaki kwa zaidi ya mara 15, tofauti ya sentimita 1 ya zebaki, ambayo macho huipata kwa taabu kwenye geji ndogo inayotetemeka, huonekana kwenye ubao huu kama pengo la takriban sentimita 15. Wepesi huo wa kuitikia una hatari yake: kabureta zikiwa mbali sana na usawa, oili yote hunyonywa na kuingia ndani ya injini kwa dakika isiyotarajiwa. Ndiyo maana chupa ndogo tupu, yenye kuta ngumu na kifuniko kisichopitisha hewa, huwekwa kati ya ubao na kila kabureta ili iinase, na ndiyo maana slaidi hupangwa kwanza mezani, injini ikiwa haijawashwa, kwa kupitisha chini ya kila slaidi mkia wa keekee moja ndogo na kurekebisha skrubu mpaka mkia huo upite kwa mkwaruzo uleule kwenye kabureta zote.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa imepata joto lake la kawaida. Tangi huondolewa ili skrubu zifikiwe, na petroli huletwa na chupa ndogo iliyotundikwa juu, mbali na plagi na mabomba ya moshi. Karakana iwe wazi pande mbili, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksaidi, ambayo huua bila harufu. Injini inayopozwa na upepo haipaswi kuzunguka ikiwa imesimama kwa zaidi ya dakika chache bila feni mbele yake, na katika hewa nyepesi, isiyobeba joto kwa kiwango cha hewa ya pwani, tahadhari hiyo ni ya lazima. Kwenye kila koo, kati ya kabureta na injini, kuna skrubu ndogo inayoziba tundu la kupimia. Mahali pake huingizwa kiungio cha shaba, au boliti ya milimita 5 iliyotobolewa katikati na kuvishwa mpira. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika kila silinda huvuta hewa mara 500, zaidi ya mara nane kwa sekunde, na sindano ya geji huyumba kwa kasi hiyo mpaka mpira ubanwe kwa kibanio na kubaki na upenyo mdogo tu.

Kabureta moja huchaguliwa kuwa kigezo, na nyingine huletwa kwake moja baada ya nyingine. Nati hulegezwa kwa spana huku skrubu ikishikwa na bisibisi isigeuke, kisha skrubu huzungushwa kidogo sana, mara nyingi chini ya robo ya mzunguko, na eksileta hufunguliwa na kuachiliwa ghafla ili slaidi zitulie katika nafasi zao mpya kabla ya kusoma tena. Nati inapokazwa, skrubu husogea pamoja nayo kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini oili inakiona, na sehemu kubwa ya ustadi wa kazi hii ni kujifunza kuiacha skrubu mbele au nyuma ya shabaha ili kukaza kuimalizie safari. Silinda ikirekebishwa, sailensi ya injini nzima hubadilika, kwa hiyo huteremshwa au kupandishwa kwa skrubu yake kuu na vipimo hurudiwa tangu mwanzo. Baada ya hapo injini hupandishwa hadi mizunguko 3,000, na sindano za geji zikitengana huko ilhali zilikuwa pamoja chini, ufito au mikono yake imelika, na hakuna skrubu itakayoficha ulikaji huo.

Pikipiki za silinda mbili hurahisisha hesabu lakini huirudisha ile shida ya nyaya. BMW za zamani za silinda zilizolala, ambazo wasafiri wa masafa marefu huzileta Nairobi na kuzitengeneza katika kambi kama Jungle Junction ya Karen, zina kabureta mbili zilizo mbali mno hata haziwezi kuunganishwa kwa ufito, kila moja ikivutwa na waya wake, na hapo fundi husawazisha mara mbili: kwanza skrubu za sailensi, kisha nyaya, ili slaidi au vipepeo vyote viwili vianze kusogea kwa wakati mmoja. Inafaa kutaja kwamba Ted Simon, aliyepita Kenya katika safari yake ya kuizunguka dunia ya 1973 hadi 1977, aliendesha Triumph Tiger 100 yenye silinda mbili zinazolishwa na kabureta moja, mpango unaopunguza nguvu kidogo na kuiondoa kazi hii yote.

Jaribio la mwisho la hoja hii ni barabara ya Mombasa. Pikipiki iliyosawazishwa Dagoretti ikishuka hadi pwani huingia kila saa katika hewa nzito zaidi, na jeti ndogo zilizowekwa kwa ajili ya Nairobi hutoa petroli isiyotosha, plagi hugeuka nyeupe, na joto la pistoni hupanda kiasi cha kuhatarisha injini. Jeti za kiwanda zinapaswa kurudishwa kabla ya safari, na skrubu ya sailensi itahitaji kuguswa mara mwendeshaji atakapofika. Skrubu nne za kusawazisha haziguswi, kwa kuwa silinda zote zimeteremka pamoja.